Senene wa Siku Niliyokuacha Ubavu Mmoja

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo huko uliko. Senene wameanguka tena, na mimi nimetapika. Jana asubuhi wapishi wetu hapa makao ya wazee walikaanga sufuria nzima, harufu ikaingia hadi wodini, wazee wakachangamka na kuanza kudai chumvi, mimi nikakimbilia nyuma ya tangi la maji. Wenzangu wananicheka. Wanasema Mnyambo gani huyu anayekimbia senene, lazima ana mimba. Nimewaacha waamini hiyo mimba. Ukweli ni mbaya zaidi, na hadi jana wewe peke yako uliujua.

Unakumbuka ulivyonifundisha habari ya kinyaa? Nilikuwa darasa la tano, nimekuja likizo kwako Ihembe, na Babu alikuwa na mwaka wa pili kitandani. Ulinipa beseni na kitambaa, nikaingia nimebana pua. Ulinitoa nje umenishika sikio. "Koku," ukaniambia, "kinyaa utakisikia, wewe ni mtu. Ila usimtwishe yeye." Kisha ukafanya jambo ambalo sijawahi kulikuta kwenye kitabu chochote cha chuo. Ulisimama kando ya kitanda cha baba yako mzazi, ukapiga hodi kwenye shuka. "Hodi, Tata." Ukangoja. Babu akasema karibu, ndipo ukafunua. Baadaye uliniambia mtu asiyeweza kuinuka hana mlango mwingine wa kufunga, ana shuka tu.

Ndiyo maana niliposikia kuna uanagenzi wa kuhudumia wazee, siku tatu kazini hapa Rubwera na siku mbili chuoni, nilijaza fomu siku hiyohiyo. Kule nyumbani Ndama, Baba aliwaka. Alisema hakunisomesha hadi kidato cha nne ili nikachambe wazee wa watu. Wewe ulipanda bodaboda kutoka Ihembe, umevaa viatu vya kanisani, ukamwuliza kaka yako yeye akizeeka atachambwa na nani. Jumatatu nikaanza kazi.

Walinipa daftari la mwanagenzi. Kila ujuzi una mstari wake: kulisha, kuogesha, kumhamisha mtu kutoka kitandani hadi kitini, kumgeuza asipate vidonda. Mwalimu asiposaini mstari, hakuna cheti. Harufu ya kinyesi niliizoea ndani ya wiki mbili, kweli tupu. Kinyaa kilihamia kwa watu wazima wenye afya zao. Kuna mwanamume alimshusha mama yake getini, gari linanguruma, akamwambia anakwenda kununua vocha mara moja. Hadi leo vocha hajaipata. Kuna wageni wanaokuja na miche ya sabuni, wanamshikisha mzee, wanapiga picha, picha ikitoka vizuri wanaondoka mzee bado anaitikia salamu. Kuna mkuu wetu wa makao, ambaye wageni wakikaribia anapuliza manukato wodini badala ya kuagiza mashuka. Ptuu! Nisamehe Shangazi, nimetema mate barua ikiwa mbele yangu.

Halafu ukaletwa wewe. Kiharusi kilikuangusha kwenye migomba yako, upande wa kulia ukafa, maneno yote yakakutoka isipokuwa moja: waitu. Lile neno letu la adabu na upole, tunalomwambia mgeni, mgonjwa, hata mtu anayetuudhi. Ukitaka maji, waitu. Ukikataa uji, waitu, kwa sauti nyingine. Nilijiona nina bahati. Nilisema Mungu amenitanguliza Rubwera ili nije nikuhudumie. Wakati huo nilikuwa nimebakiza mstari mmoja tu, kugeuza.

Miguuni pa kitanda chako ilining'inia karatasi yenye saa na safu iliyoandikwa "Amegeuzwa". Kila baada ya saa mbili unamgeuza mtu, ndipo unatia vema. Asubuhi ile mvua ya alfajiri ilikuwa imewashusha senene uwanja mzima. Watu wote walikuwa nje na ndoo, hata karani mmoja wa wilaya alikuwa amekunja suruali hadi magotini. Saa moja nilikulaza ubavu wa kulia. Nikachukua kalamu, nikatia vema ya saa tatu, ya saa tano na ya saa saba, zote kwa mkupuo, nikatoka na ndoo yangu. Nilijiambia nachungulia tu. Nilirudi saa nane.

Niliwanyonyoa mabawa na miguu, nikawakaanga vizuri kama unavyowapenda, nikakuletea kwenye kibakuli. Ulikula kutoka mkononi mwangu, mmoja mmoja, umelalia ubavu uleule wa asubuhi. Chozi lilikuwa limekauka pembeni ya jicho lako na mimi nikadhani ni utamu. Ulipomaliza nikakufunua, hata hodi sikupiga. Nyonga ilikuwa imekuwa nyeusi, ina moto, na shuka limelowa.

Siku ya tatu mwalimu wa chuo alikuja kukagua. Alisoma karatasi, akaridhika, kisha akakuinamia na kukuuliza kama huyu binti anakugeuza inavyotakiwa. Wewe ulinitazama mimi. Ulinitazama mpaka mwalimu akageuka kuona unamtazama nani. Kisha ukaitikia kwa kichwa.

"Waitu," ukasema.

Akasaini.

Kidonda kilianza kidogo, mwisho kikawa kinameza ngumi. Watu walisema kilichokuondoa ni kiharusi cha pili. Labda. Mimi niliyekuwa nakisafisha asubuhi na jioni najua nilichokuwa nakisafisha. Cheti kilitoka tumeshakuzika. Baba alikitundika ukutani sebuleni, na mgeni akija anaonyeshwa.

Sasa mimi ndiye msimamizi wa wanagenzi, ninayesaini kabla ya mwalimu. Ninaye mmoja anaitwa Deusi, mwanamume wa miaka thelathini aliyeacha kuendesha bodaboda. Mcheshi, wazee wanampenda. Jana, baada ya kutapika, nilipita kwa Mzee Zakayo, nikakuta karatasi yake ina vema hadi ya jioni, na ilikuwa saa nne asubuhi. Deusi hakuficha. Alisema, "Sista, hata nikimgeuza anarudi vilevile. Halafu senene wameanguka."

Daftari lake linatakiwa chuoni kesho, Ijumaa. Mkuu alinisukumia kalamu, akasema nisaini, kijana wa watu ahitimu. "Nani kati yetu hajawahi kutia vema mapema?" akauliza, akacheka. Shangazi, nilichefuka. Nilimwona mkuu mchafu, nikamwona Deusi mchafu, kisha nikakiona kile kibakuli mkononi mwangu na nikajua mchafu wa kwanza ni nani.

Nilimshika Deusi mkono hadi kitandani kwa Mzee Zakayo. Nikapiga hodi kwenye shuka, nikangoja. Mzee akasema karibu. Nikamwambia Deusi aweke mgongo wa mkono wake juu ya mfupa wa kiuno. "Pana moto," akasema, na utani wote ulikuwa umemwisha. Basi nikamsimulia yote, ndoo, kalamu, nyonga yako, mwalimu, na lile neno. Nilisimulia nalia, mbele ya Mzee Zakayo, nikasahau kabisa kwamba anasikia. Aliniacha nimalize.

"Basi nigeuzeni," akasema.

Tulimgeuza. Sikusaini. Deusi atarudia miezi mitatu, na nimemwambia nitasimama naye nikiwepo. Daftari langu mwenyewe nimelitoa sandukuni, chini ya khanga yako. Kwenye mstari wa kugeuza, pembeni ya saini ya mwalimu, nimeandika kwa wino: Hakugeuzwa. Kesho napeleka madaftari yote mawili chuoni. Mkuu amesema nikitoka getini na hilo daftari nisirudi. Wanaweza kunivua cheti, na Baba atabaki na msumari ukutani. Nitawaomba jambo moja tu, waniache kwa Mzee Zakayo hadi pale penye moto kiunoni papoe.

Ulikuwa umebakiwa na neno moja, ukalitumia kunisitiri. Sijawahi kulistahili, na kulibeba kunanichefua kuliko chochote nilichowahi kukisafisha. Leo nakurudishia, Shangazi. Waitu.

Hodi. Nitangoja uniitikie.

Mtoto wa kaka yako, ambaye hakukugeuza,
Koku