Simu Iliyosikiliza Kwaya

Alhamisi, jioni

Simu haina adabu, hilo nimelijua leo.

Elibariki wa besi ndiye aliyeleta hiyo programu ya kujifunzia muziki. Unaimba, simu inasikiliza na kuchora mstari: wa kijani ukiwa kwenye noti, mwekundu ukishuka. Nikasema vizuri, leo tutajua nani anaivuta kwaya chini. Miaka miwili sasa tukifika ubeti wa tatu tumeshuka, na miaka miwili namlaumu Mama Neema wa alto. Nilimhamishia mstari wa nyuma kwa sababu hiyo.

Tumeimba mmoja mmoja, bila kinanda, kama ninavyowafundisha siku zote. Mama Neema, kijani mwanzo hadi mwisho.

Mimi, kijani ubeti wa kwanza. Baada ya hapo nyekundu tupu.

Nikasema simu inachanganywa na mvua kwenye bati. Hakuna aliyecheka. Mama Neema akasema taratibu, "Mwalimu, tulikuwa tunasikia. Ukishuka tunashuka na wewe. Tungekuachaje peke yako?"

Sijui kinachoniudhi zaidi ni sikio langu au kwamba wote walijua. Labda ni umri. Labda...

Nimeazima simu ya Elibariki, nimejaribu tena hapa jikoni. Nyekundu.

Nimempigia Mama Neema. Nimemwambia Jumapili asimame mbele, atoe noti yeye.

Akauliza, "Na wewe Mwalimu utasimama wapi?"

"Nyuma yako," nikamwambia. "Nikusikie."