Maneno Niliyompa Mzee wa Sinema

Jumatano, 5 Machi
Banda la video lilijaa tena. Filamu ya karate, ile ile ya juzi. Nimetafsiri kwa maiki mpaka koo linawasha. Watu wa Kitale hawafuati filamu, wanafuata mdomo wangu. Nalijua hilo na linanipa kichwa.

Kanisa la kwetu Sirisia linanitaka Jumamosi. Sinema ya maadili kwa vijana, isiyo na matusi. Nimewapatia moja bubu, ya Wazungu wa kale. Tajiri anamdanganya msichana kwa ndoa ya uongo, msichana anapata mimba, babake anamfukuza kwenye baridi. Haina sauti hata kidogo. Maneno yote yatakuwa yangu. Hapo ndipo nitawaonyesha.

Ijumaa, 7 Machi
Rael, mke wangu, amepiga simu. Binti yetu Nasimiyu yuko nyumbani, ametoka chuoni Bungoma. Dada yangu naye amekuja kutoka Misikhu. Nikauliza kuna nini. Akasema njoo tu. Wamesikia habari za sinema, nikajiambia. Nikafurahi.

Jumamosi, 8 Machi
Kanisa lilifurika. Babake msichana aliponyoosha kidole mlangoni, mdomo ukicheza bila sauti, maandishi kwenye skrini yalisema "Nenda" tu. Neno moja! Nikamwongezea mzee wa watu: "Toka! Nilidhani nalea mtoto, kumbe nalea aibu. Hata nikifa usije kunizika." Wazee walisimama kupiga makofi. Nikaizima sinema papo hapo, makofi yakiwa bado moto.

Nilimwona Nasimiyu akitoka katikati ya wasichana wenzake. Nilidhani anaenda chooni.

Jumapili, 9 Machi
Nasimiyu ana mimba.

Rael ameniambia jikoni, bila kunitazama. Kwetu msichana hamwambii babake jambo kama hilo. Humwambia shangazi, na shangazi ndiye humkalisha baba chini, baada ya kula. Dada yangu alikuja kwa kazi hiyo. Ilikuwa iwe jana jioni. Badala yake yeye na Nasimiyu walitoka kanisani wakaenda Misikhu moja kwa moja, mizigo wameiacha.

Nikasema si wangengoja nijibu. Rael akasema, "Mtoto anasema ulishajibu."

Jumanne, 11 Machi
Sijafanya kazi. Nimeitazama ile sinema peke yangu, mpaka mwisho. Babake anajuta. Anatoka na taa kwenye theluji, anaanguka, anaamka, anamtafuta mtoto wake. Sehemu hiyo naijua miaka yote. Sirisia hawakuiona kwa sababu mimi nilitaka makofi.

Najichukia. Mdomo uliponza kichwa, wahenga walisema. Wangu umemponza mtoto.

Alhamisi, 13 Machi
Misikhu. Dada yangu alinifungulia lango, salamu akaninyima. Nasimiyu akatoka amejifunga leso. Tumbo linaonekana. Sijui nilikuwa nikitazama wapi Krismasi.

Nilimweleza kwamba maneno yale hayakumlenga yeye. Akanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Baba, hiyo maneno ilikuwa imeandikwa kwa sinema, ama ni yako?"

Ningeweza kusema niliyasoma kwenye skrini. Yeye alikuwa ameketi mbali, maandishi ni ya Kiingereza cha zamani, angeniamini.

"Ni yangu."

"Najua. Hukufikiria hata kidogo. Ilitoka tu, ni kama ilikuwa inangoja."

Nilimwomba turudi nyumbani. Akasema atajifungulia kwa shangazi. Hakulia. Mimi ndimi niliyelia, njiani, watu wakiniona.

Jumapili, 16 Machi
Mvua imeanza. Majirani wanapanda mahindi. Rael ameenda Misikhu na maziwa na ndizi. Mimi sikuitwa.

Jioni nimempigia Nasimiyu. Ameshika simu. Nimesema ni baba, kisha nikakosa la kuongeza. Nilisikia mvua ya huko kwenye mabati, na kikohozi chake kidogo. Hakukata. Tumekaa hivyo mpaka kredo ya simu yangu ikaisha.