Mama Asije Mpaka Mvua Inyeshe

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini wewe, shemeji na watoto mko wazima, na mama naye kifua kimetulia. Huku sisi tunapumua, na kupumua kwenyewe ndiyo habari niliyonayo.

Ujumbe wako nimeupata. Kwamba mama analia, anasema mwanawe kapata mji kamtupa. Nilimwita mwenyewe aje amwone mjukuu wake, Bibi Mdogo, sasa nageuka nasema asije. Dada, mimi na mama ni kama sabuni na maji. Nisikilize kwanza.

Nilimwita wakati wa mvua. Wakati ule mji huu ukiuona utadhani umefuliwa ukapigwa pasi. Hata mbuzi aliye juu kilimani unamjua rangi. Ndipo na mimi mjanja nikapanga chumba na banda la udobi huku bondeni, kodi nafuu, maji karibu. Nikajiona nimewazidi watu wote akili. Kumbe wenyeji walikuwa wanaijua baridi ya huku.

Mji huu ni sufuria, dada. Vilima ndiyo kingo, sisi tuko chini kwenye ukoko. Ikiingia baridi, mvua hakuna, upepo nao unakufa. Moshi wa mkaa, wa magari, wa tanuri za matofali, wa takataka zinazochomwa, wote unapanda kidogo, unagonga kifuniko, unaturudia. Muuguzi wa zahanati alinieleza kwamba hewa ya baridi ni nzito, inalala chini, ya joto inakaa juu yake, basi moshi unakosa mlango. Nikamwambia kumbe hata hewa ina mwenye nyumba mkorofi. Alicheka kidogo, akarudi kwenye kazi yake.

Mimi naujua moshi kwa nguo. Asubuhi naanika shuka jeupe, likikauka ni la kijivu. Mwalimu mmoja, mteja wangu, alikuja amefura, akadai nimempa shati la mtu, yeye la kijivu hana. Nikamwambia mwalimu, shati ni lako, rangi ndiyo ya mji. Akanuna mpaka nikalifua upya mbele ya macho yake. Siku hizi nguo nyeupe nazibeba mgongoni mpaka kilimani, naanika huko. Majirani wananiita Punda wa Shuka. Naitika tu, jina halichubui.

Sasa mama na pumu yake nimlaze humu? Mvua ikishanyesha, aje, akae hata mpaka anichoke.

Mpaka hapa msomee mama kwa sauti. Kuanzia hapa, dada, soma kimoyomoyo.

Aliyeshikwa na kifua ni Bibi Mdogo. Tangu baridi iingie hawezi kulala chali, mpaka tumkalishe. Juzi asubuhi midomo ilibadilika rangi, nikambeba mbio zahanati na povu la sabuni mikononi. Wakamvutisha dawa, pumzi ikamrudia. Muuguzi akasema dawa wanayo, hewa ya kumpa hawana. Kama tuna ndugu anayeishi mahali pa wazi, mtoto aende huko mpaka mvua. Ningemwambiaje mama? Angepanda basi siku hiyohiyo, nikawa na wagonjwa wawili chumba kimoja.

Basi wifi yako na mtoto wanapanda gari Jumamosi kuja kwako. Sijakuuliza kwanza, nisamehe. Najua ungesema waje tu. Dawa ya kuvuta imo kwenye mfuko wa kijani, wifi yako anajua kuitumia. Mimi nabaki, kwa sababu nikifunga banda wateja hawatanirudia, na dawa ile inataka mtu wa kuinunua.

Mama mwambie tu mwende wote kituoni. Akimshika mtoto mgongoni atasikia mwenyewe kifua kinavyolia, kile anakijua kuliko sisi. Hapo ndipo umwambie kwamba mwanawe hakumkataa. Na umwambie mtoto anaogopa ile dawa, lakini akiimbiwa anaivuta.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na shemeji mwambie asante ya kabla.

Mimi mdogo wako,
kitinda mimba wa mama