Mishale Niliyoikata

Nyumba za Walimu,
Mlango wa tatu,
Jumanne, 16 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo wewe, na goti la shemeji limetulia? Mimi mwili mzima. Roho ndiyo inayoumwa, na dawa yake sijui kama huko mnauza.

Namwonea wivu binti yako. Nimeona nikuambie mwenyewe kabla hujasikia kwa watu.

Unajua wakaguzi wakija, somo wanaloonyeshwa huwa langu. Miaka kumi na mmoja, mimi na karatasi zangu za manila. Lakini tangu binti yako aletwe kufundisha darasa la jirani, mwalimu mkuu anasitasita. Ana ubao wa kwenye vishikwambi: watoto wote wanachora mchoro mmoja, kila mtu mahali pake, viduara na mishale vikitembea. Wenzangu wanamsifu kutwa. Nikasema moyoni, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikangoja alitie. Wapi.

Basi nikamwomba aniingize kwenye huo ubao, eti nijifunze. Akafurahi, akaniandikisha palepale. Jumamosi mchana nikaufungua mchoro wao wa safari ya maji, nikaanza kukata mishale. Mvuke nikautenga na mawingu. Mvua nikaipeleka kusikojulikana.

Sikujua kwamba kwenye ubao huo jina la mtu humfuata kila anapogusa. Wala sikujua kwamba watoto wamo humo, kila mmoja kwao, wanamalizia kazi. Nikikata mshale, wanaurudisha. Wakadhani nawapima. Mmoja akaandika pembeni: "Mwalimu, kata mwingine, huo rahisi."

Jana, chumba cha walimu kimejaa, binti yako akasema, "Lile zoezi la kukata mishale ni la Mama Mkubwa. Watoto wangu hawajawahi kulielewa somo vile." Akanitazama kidogo, kisha akainamia madaftari yake. Anajua, mdogo wangu. Nikajikaza kisabuni. Mwalimu mkuu ameamua kuwa Alhamisi wakaguzi watatuona wote wawili, na zoezi "langu".

Kushindwa ningevumilia. Kusitiriwa na mtoto niliyemshika mkono akiandika herufi yake ya kwanza, hilo limenikaba.

Usimwambie nimekuandikia. Nisalimie shemeji, na kaka yetu Fundi Saa asiyejibu barua. Mungu awatunze, awape usingizi mzuri kuliko wangu.

Nilidhani wivu umekwisha jana. Kumbe umehama tu: sasa nakuonea wewe, uliyemzaa.

Wako akupendaye, hata hivyo,
Dada yako.