Saa ya Kuzamia Uliyonibebea

Mpendwa Baba Kabula,

Juzi tulianua matanga yako, na mdogo wako Maganga akataka saa ya marehemu apewe Malimi, kwa kuwa ndiye mtoto wetu wa kiume. Alisema hivyo mbele ya ndugu wote, saa yenyewe ikiwa mezani kati ya shati lako la kanisani na redio. Kabla sijakueleza nilichomjibu, nataka tukumbushane saa ile ilivyoingia nyumbani kwetu, maana nilidhani habari hiyo tulikuwa tukiijua wawili tu.

Unakumbuka kibanda cha video pale Mkuyuni? Ni miaka ile ya soko huria, maduka yalipojaa ghafla na watu tukaanza kuchagua sabuni kwa harufu. Jumapili baada ya ibada tulibanana kwenye mabenchi yale. Filamu yenyewe hata jina silikumbuki. Nakumbuka jamaa mmoja anaibuka kutoka baharini, anakung'uta mkono, anatazama saa. Kubwa, nyeusi, maji yanachuruzika kwenye kioo na mshale wa sekunde unatembea kama kawaida. Watu wakapiga kelele kaseti irudishwe nyuma, na mwenye deki akairudisha mara tatu. Wewe ulikuwa unamsubiri yule dada aliyeibuka baada yake, usikatae. Mimi nilikuwa natazama saa.

Nilikuwa na sababu zangu. Kiwandani tulikokata minofu ya sangara, maji na barafu viliua saa yangu ndogo ya kike wiki ya kwanza tu. Kuona mtu anazama na saa, anatoka nayo na bado inafanya kazi, kuliniingia moyoni. Nadhani ndiyo maana saa hizi hazichuji. Malimi ananiambia vijana wa sasa wanazisaka mitandaoni, zile zile za zamani zilizoonekana kwenye filamu, na huku mifukoni wana simu za kuwaonyesha saa za dunia nzima. Wengine watasema ni mtindo tu. Mimi nasema kitu kilichotengenezwa kwa kazi hata kikikwaruzika hakiaibiki. Yule jamaa alikuwa anaigiza, saa haikuigiza. Basi nikaanza kuitafuta.

Niliipata kwa muuza mitumba, Mkuyuni hapo hapo, ndani ya boksi la mikanda na miwani. Haikuwa ile ya kwenye filamu, ila walikuwa ndugu: ile pete ya kuzungusha pembeni mwa kioo ilikuwepo, na namba zake zilikuwa nene kama za kalenda. Niliinunua kwa mshahara wangu. Fundi saa akapunguza vipande vinne vya mkanda wa chuma ili initoshe, nikarudi nyumbani Mkolani mkono nimeuweka juu ya kikapu makusudi, watu waione.

Nikakukuta umekaa mlangoni saa tisa mchana, siku ya kazi. Shirika lenu lilikuwa limepunguza watu na wewe ukiwemo. Ulikuwa umeshika barua ya kupunguzwa kazi, ukanipokea bila kuinua macho. Sikuwahi kukuona umejikunja namna ile, na iliniuma. Nikavua saa.

"Baba Kabula, nimekuletea zawadi."

Ukaijaribu, mkanda ukagoma kufunga. Ukautazama, ukautazama na mkono wangu.

"Mama Kabula, hii ni yako."

"Ni yako. Vipande vilivyobaki ninavyo kwenye pochi, fundi atavirudisha."

"Basi mimi nitakubebea tu," ukasema.

Na kweli ulinibebea. Miezi ile mimi nikishinda kiwandani na wewe ukishinda na watoto, ulijifunza kuzungusha pete ile kupimia maharage. Saa ya wazamiaji ikawa inachunga sufuria Mkolani. Nilikuwa nakuchokoza, "Mzamiaji, leo umefika mita ngapi?" Nawe unajibu, "Nimefika kwenye chumvi, haitoshi." Lakini ukitoka barabarani kifua kilikuwa juu, na ulipofungua duka la vipuri vya baiskeli wateja wakakuita Komandoo.

Jumapili ulikuwa unafunga mlango, unaivua, unanivisha, naoshea vyombo nayo. Tulifunga mlango kwa ajili ya mama yako, aliyekuwa akiishi nyumba ya pili. Mwanamke avae saa ya mume, tena mume aliyepunguzwa kazini? Nilijua angesema nimejigeuza baba mwenye nyumba. Siku moja alibisha hodi ghafla. Nilipiga magoti nikasema shikamoo, mkono nimeuficha ndani ya kanga, povu la sabuni linachuruzika sakafuni. Akaitikia marahaba, akaniangalia, akaenda zake.

Nimekumiss sana, sitakuficha. Sufuria moja sasa inanitosha kwa siku mbili. Ila pale kwenye kikao sikutaka kulia, nilitaka saa yangu.

"Shemeji," nikamwambia Maganga, "saa hiyo ni ya kwangu."

Akatabasamu. "Shemeji, kaka ameivaa sisi sote tukiona. Isitoshe ni saa ya kiume."

"Alikuwa ananibebea."

Watu wakatazamana. Malimi, maskini, akainamisha kichwa, maana ameitamani tangu mdogo. Maganga akauliza nani anashuhudia. Shahidi wangu tulikuwa tumeshamzika.

Mama yako akakohoa kutoka kwenye mkeka. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, lakini sauti ni ile ile.

"Mpeni saa yake," akasema. "Mwanangu aliniambia siku ile ile alipovishwa. Alisema, mama, mke wangu amevua saa yake akanivisha mimi nisionekane bure mbele za watu. Naomba usimseme kamwe."

Malimi ndiye aliyeichukua mezani akaniletea, akanifunga mwenyewe. Mama yako akanyoosha mkono, akapapasa kioo, akapapasa mkanda unavyonilegea.

"Miaka yote hii, mkwe wangu," akasema, "nilikuwa nasubiri uivae mbele yangu."

Umenibebea vya kutosha, mume wangu. Nimeipokea. Pumzika.

Mkeo,
Mama Kabula