Mbuzi wa Mama Agar na Nyumba Isiyo na Manjanja

Eringeti, tarehe 9 Septemba 2001. Ni mwaka mmoja na miezi miwili tangu nilitoka Butembo.

Mama Rébecca, mshauri wetu wa redio, naomba unisaidie kufikiri maana kichwa kimechoka kuliko mikono. Mimi ni Nzanzu, mpasuaji wa mbao porini, shule niliacha darasa la tano, donc usicheke maandishi yangu. Tuko watatu kwenye kazi moja, mimi, Kambere na Phinées, tunalala chini ya plastiki, wenye bunduki wakipita tunaacha gogo na kujificha, wakiisha kupita tunarudi kwenye msumeno, na lori la mbao linaposhuka Beni mpaka Butembo kila kizuizi kinakula sehemu yake. Kwa sababu vita imefunga benki na hakuna anayekopesha mtu wa jasho, nikafikiria hivi: marehemu baba yangu, Kahongya, alituachia shamba la maharagwe ng'ambo ya mto Kimemi, na mji unakimbilia kule maana wakimbizi wanatafuta vyumba kila siku, kwa hiyo niliwaambia wenzangu tutie mishahara pamoja, tujenge vyumba vya kupangisha, kila mmoja ale kodi ya chumba chake, na wao wakaniamini, hata Phinées amekwisha kuwaambia wazazi wa mchumba wake kwamba ana nyumba Butembo.

Kazi ya kujenga nilimpa shemeki Malachie, kaka wa mke wangu, mtu wa Kirumba aliyekulia juu ya malori, anavaa viatu vya ncha hata kwenye tope, na akisema utadhani yeye ndiye aliyevumbua tofali. Kuta alizisimamisha, sikatai. Mais mwezi uliopita Mama Agar, mjane wa mwenye kilima kilipo hilo shamba, alikuja kwa miguu, akaketi juu ya rundo la mawe, akauliza, "Mbuzi yangu iko wapi? Kahongya alikuwa analeta mbuzi kila mavuno. Tangu vita sijaona hata mukia." Malachie, mwerevu wetu, akadhani ni njaa ya nyama tu, akakimbia sokoni, akaleta beberu mnono mbele ya majirani wote na mashemasi wawili, akapaza sauti, "Mama, twaa mbuzi yako ya shamba, ukule, utuachie amani!" Mama Agar akaipokea kamba kwa mikono miwili, akawageukia watu, "Muliona? Mulisikia?" Wakajibu, "Tuliona, mama." Akaenda na beberu wake, majirani wakacheka mpaka wakaketi chini, maana kwetu anayetoa mbuzi wa shamba amekiri kwamba udongo si wake, na kwenye udongo wa mwingine unapanda maharagwe, husimamishi tofali. Kesho yake Mama Agar akatuma neno kwamba hakuna kufunika ile nyumba kwa manjanja, yale mabati ya paa.

Mke wangu Kyakimwa ameniambia kwa kinywa cha dereva wa lori la mbao, "Hapana tuma hata franc moja. Kaka yangu ni mupumbavu, na ni wewe ulimuchagua." Malachie naye, kwa dereva yuleyule, "Shemeki, tuma pesa ya manjanja mbio! Nyumba ikifunikwa, ule mukaka, ule mama muzee, atafanya nini? Atapanda juu kuyatoa?" Patron atatulipa mwisho wa mwezi, na Kambere na Phinées watanipa pesa ya manjanja mkononi, hawajui lolote, nikisema watanifukuza kwenye msumeno, nikinyamaza pengine nyumba itapona. Nifuate nani? Nategemea kurudi kwa Noeli, kama kuta zitakuwa bado zangu.

Nzanzu, mpasuaji

*

Nzanzu,

Pole kwa pori na kwa wenye bunduki. Pole imeishia hapo.

Unacheka viatu vya Malachie. Haya, tumevicheka, sasa zamu yako. Unaitwa Nzanzu, maana yake wewe ni mvulana wa kwanza wa Kahongya. Baba yako alipopeleka mbuzi kwa Mama Agar, ni nani alivuta kamba? Mtoto wa jirani? Malachie alitoa beberu akitabasamu kwa sababu hakujua kitu. Wewe ulijua, ukawaambia wenzako "baba alituachia shamba", ukala imani yao kama fufu.

Sasa unataka na manjanja! Mama Agar ana mashahidi, na ni ninyi mliomkusanyia. Ukiifunika ile nyumba utakuwa umemaliza kumjengea, abaki kuchagua rangi ya milango. Na Phinées ataoa kwa nyumba ya nani?

Hofu imekuziba macho. Mama yule hajagusa hata tofali moja. Angetaka kuwaharibia angekuja na wajukuu na nyundo. Aliuliza mbuzi. Anangoja mtu mwenye adabu, mkamtumia viatu vya ncha.

Fanya hivi. Leo, kabla patron hajalipa, waketishe wenzako uwaambie: udongo si wetu, nilijua. Phinées akikupiga, vumilia, haki yake. Pesa ya manjanja ibaki mfukoni mwa kila mtu. Kisha shuka pamoja na Phinées, maana neno lako peke yake halitawatosha tena wenzako. Nenda kwa Mama Agar na mkeo, yule ana akili. Malachie abaki kwenye malori. Omba msamaha kwanza, halafu umwombe hivi: chumba kimoja kiwe chake na kodi yake, mbuzi aje kila mwaka nyumba ikiwa imesimama, na yeye aseme mbele ya majirani walewale kwamba vyumba vingine ni vyenu. Akikataa, bomoeni taratibu mbebe tofali zenu. Hizo angalau ni zenu kweli.

Na hiyo Noeli yako ni kujificha tu. Mvua imeanza, kuta hazina kofia. Nilituma mtu kwa Mama Agar amuulize kama atakupokea. Alicheka, akasema, "Ule mutoto wa kamba? Akuje. Mais avute mbuzi yeye mwenyewe, hapana kutuma mutu." Lori la mbao linashuka Jumamosi. Jumapili, watu wakitoka kanisani, atakuwa ameketi mlangoni anakungoja.