Ganda la Risasi Nililokupa

Nyambura wangu,

Ni mimi, mama yake Mwangi. Najua ungecheka, maana hata chifu nikimsalimia naanza na jina la huyo mtoto.

Tangu ulipofia kambini walikokufunga, tumehamishwa kwenye kijiji kipya, nyumba zimepangwa mstari. Binti yako Wangari yuko mlango wa pili. Ananichotea maji. Ananiita mama, na mimi naitika.

Unakumbuka nilivyokuja mbio hadi shamba lako la viazi na lile ganda? Mzungu aliyemwajiri Mwangi, huko Mweiga, alikuwa na bunduki ya zamani, risasi zake hazipatikani tena dukani. Basi Mwangi alichukua maganda matupu ya bunduki nyingine, akayapasha shingo kwa moto, akayabana kwa mashine polepole mpaka yakaenea kwenye ile ya mzungu. Ukiharakisha, shaba inapasuka. Hilo lilipasuka kidogo tu, likatupwa, akaniletea nione kazi yake. Mtoto aliyeishia darasa la nne, na mzungu mwenyewe alikuwa anapasua mengi kumshinda. Ona, bado najisifu.

Ukaniambia, "Wewe ukizaa hata kifaranga utasema ni tai." Lakini ulilipokea. Ukaliziba kwa kijiti, ukatia tumbaku yako, na kila uliponusa tukiwa wawili mimi nilikuwa na la kusimulia.

Halafu ile asubuhi ya msako wa kuwatafuta wanaowasaidia watu wa msituni. Tulikalishwa chini uwanjani, goti langu limegusa lako. Homgadi, askari wa serikali wa hapa hapa kijijini, akalitoa kwenye nguo yako. Ati nani amekupa risasi? Ulinitazama mara moja tu. Ukasema, "Nimeokota njiani."

Mdomo wangu huu, unaojulikana hadi Nyeri mjini, ulinyamaza hata walipokuchukua. Moyo wangu ukiniuliza, nasema nilimwogopea Mwangi, wasije wakamnyonga. Sitakudanganya wewe. Niliogopa kabla hata sijamkumbuka Mwangi. Nilisogeza goti.

Sasa wanamwita Wangari mtoto wa mama wa risasi. Watu wa yule kijana aliyemposa wamerudi nyuma. Juzi Wangari aliniuliza, "Mama, kwani mama yangu alikuwa anatuficha nini?" Nikamwambia sijui. Nikanywa maji aliyonichotea.

Nilimweleza Mwangi yote alipokuja. Nikadhani atakasirika. Kisha akasema, "Mwambie Wangari, mama. Na hao watu wa kijana, waambie pia. Homgadi wakinijia, wanijie." Huyo ndiye niliyemzaa, Nyambura, na sijui alimrithi nani.

Jumapili, tukitoka kanisani, nitamwita Wangari na wale wanawake wote niliowachosha kwa majisifu. Nitasema ganda lilitoka mkononi mwangu. Akinifungia mlango sitabisha. Nitajichotea maji.

Lala, rafiki yangu. Nimekuahidi. Nitamwambia mama yake hakuwa anaficha kitu. Alikuwa ananificha mimi.

Ni mimi,
Mama Mwangi